ALIYEITIKIA NDURU NAYE ANA MOYO

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Doldol na vijiji vya jirani

  

Kwa kawaida sisi tukiitwa Doldol huwa tunazungumza juu ya matangi ya maji, mbuzi wa maziwa, ama jinsi ya kuandika kitabu cha hesabu kisilete ugomvi. Leo tumeombwa jambo lingine. Akina mama wa kikundi kimoja cha shanga walikuja ofisini wakatuambia hivi: "Mradi wetu unaendelea vizuri, lakini faida yote inaishia kwa mzee wa mwenzetu. Alikuwa askari. Tangu arudi halali usiku, na mchana anakunywa. Mama huyu amekopa mara tatu na hajalipa. Tumfukuze kwa kikundi ama tufanye nini?"

Hatukuwajibu siku hiyo. Tuliwaambia tutakuja tuzungumze wote, kwa sababu tunajua nyumba ya namna hiyo si moja. Basi hilo swali ndilo lililotuleta hapa.

1. Tunazungumza juu ya nani?

Kwanza, kuna askari waliostaafu. Wengine ni vijana bado. Jeshi letu liliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, na wapo waliokuwa huko wakati wa mashambulizi ya El Adde, tarehe 15 Januari 2016, na Kulbiyow, tarehe 27 Januari 2017. Aliyetoka huko salama hakuwaacha wenzake nyuma kabisa. Anao kichwani.

Pili, kuna polisi na wale askari wa akiba, ambao wengi wetu bado tunawaita KPR. Hawa ndio wanaofuata nyayo za ng'ombe walioibiwa. Mnakumbuka yaliyotokea Baragoi mwezi wa Novemba 2012, wakati polisi zaidi ya 40 waliuawa katika shughuli moja tu ya kufuata mifugo. Mnakumbuka pia mwaka wa 2017 na 2021 hapa Laikipia, na Februari 2023 wakati serikali iliposhirikisha jeshi na polisi katika kaunti sita, Laikipia ikiwa mojawapo.

Tatu, kuna watu ambao hatuwahesabu. Skauti wa hifadhi aliyemkuta mwenzake ameuawa. Mhudumu wa afya ya jamii. Dereva wa ambulansi. Kijana wa bodaboda aliyembeba mtu anayetokwa na damu mpaka Nanyuki. Mama jirani aliyesikia nduru akakimbia, akafika wa kwanza.

Hapa Doldol tusisahau jambo moja. Kwa miaka mingi wanajeshi wa Uingereza walifanya mazoezi katika ardhi hii na kule Archers Post, na mabomu ambayo hayakulipuka yaliachwa malishoni. Wachungaji waliyaokota. Wengine walikufa, wengine walipoteza mikono, miguu na macho. Mwaka wa 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200. Aliyeumia alihesabiwa, na ni haki. Lakini mtoto akilipukiwa malishoni, nani hufika kwanza? Si daktari, wala si polisi. Ni mtoto mwenzake aliyekuwa naye, na mama yake anayekuja mbio kutoka manyattani. Je, moyo wa huyo aliyeokota ndugu yake, nani aliuhesabu?

2. Kunyamaza si kupona

Sisi watu wa pande hizi za Mlima Kenya tumefundishwa kwamba mwanamume halii. Hebu tuangalie wazee wetu.

Wengi walipelekwa vita vya pili vya dunia, wakapigana mpaka Burma. Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote wa Nyeri, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China. Walirudi kutoka vita vya watu wengine, na muda si muda, mwaka wa 1952, ikatangazwa hali ya hatari hapa kwetu. Wengine wakaingia msituni, wengine kambini, wengine wakawa upande wa pili. Uhuru ulipokuja waliishi kijiji kimoja, mlango kwa mlango, bila kuzungumza. Na Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku mpaka mwaka wa 2003. Hiyo ni miaka 40 baada ya Uhuru! Mtu angemwambia nani alichokiona?

Ndiyo maana mwaka wa 2013, serikali ya Uingereza iliposema inasikitishwa na mateso ya wakati ule na kukubali kulipa watu 5,228, kulikuwa na jambo kubwa kuliko pesa. Pesa zenyewe zilikuwa kidogo kwa kila mtu, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini wazee wale walikuwa wamesikia mtu akisema mbele ya watu wote: ni kweli, mlitendewa hivyo. Kutambuliwa ni sehemu ya dawa.

Na wale waliokufa bila kutambuliwa, watoto wao walirithi nini? Walirithi baba mkali asiyejulikana anakasirikia nini. Mficha maradhi, kilio humfichua.

3. Mahali tulipokosea

Sasa tuseme yetu pia, maana si vizuri kufundisha wengine huku tumejificha.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa jeshi alirudi nyumbani kutoka Somalia. Tulifurahi sana. Tulichinja mbuzi, tukaita watu. Sisi tuliosomea kazi hii chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba yaliyo moyoni ni kama usaha, lazima yakamuliwe mapema. Tukamsimamisha mbele ya mkutano, tukampa kipaza sauti, tukamwambia, "Hebu tusimulie yote, ukiyatoa utapona."

Alisimulia nusu. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka. Watoto wakacheka, kwa kuwa ni watoto. Akaweka kipaza sauti chini, akatoka nje. Mwaka mzima hakukanyaga mkutano wowote, wala kanisa. Mkewe alitueleza baadaye kwamba usiku ule ndoto zilirudi mbaya kuliko kwanza.

Hatukumdhuru kwa chuki. Tulimdhuru kwa haraka na kwa kutojua. Siku hizi wataalamu wamechunguza jambo hili, na wameona kwamba kumlazimisha mtu asimulie yote mara moja baada ya mkasa hakuzuii ugonjwa, na kwa wengine kunaongeza. Shirika la Afya Duniani halishauri tena kufanya hivyo. Mwaka wa 2011 shirika hilo lilishiriki kutoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya moyo, na mafundisho yake ni maneno matatu tu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama kuna hatari na ni nani anahitaji msaada. Sikiliza kama anataka kusema, na kama hataki, keti naye. Unganisha na chakula, na jamaa yake, na hospitali.

Mnataka kujua kijana yule alisaidiwa na nani? Rika lake. Mmoja alikwenda kwake jioni, hakuuliza kitu. Alisema, "Kesho tunachimba bwawa la maji, watu ni wachache." Kesho yake akampitia. Wakachimba. Usiku wakawa wanalinda mbuzi pamoja, kwa vile yeye hakuwa analala vyovyote. Ilipita miezi minane kabla ya kusema neno moja juu ya Somalia, na akalisema gizani, kwa mtu mmoja, akiwa anaangalia upande mwingine. Leo ndiye mweka hazina wa kikundi cha mizinga ya nyuki.

Je, amepona kabisa? Hapana. Ndege za mazoezi zikipita chini chini, yeye huingia ndani na kufunga mlango. Wenzake wanajua, wanamngoja. Baada ya saa moja anatoka, kazi inaendelea. Uthabiti wa moyo ndio huo. Mtu anaanguka, lakini anajua kuna watakaomngoja mpaka ainuke.

4. Tutamjuaje?

Baada ya mkasa ni kawaida mtu kukosa usingizi, kuona picha za lile jambo na kushtuka. Kwa wengi mambo haya hupungua yenyewe baada ya wiki chache. Yakipita mwezi mmoja bila kupungua, au yakianza baadaye na kuharibu kazi na nyumba, huyo anahitaji msaada. Dalili ni hizi:

- Ndoto mbaya zilezile kila mara, ama kuliona tukio mchana kana kwamba linatokea sasa.
- Kushtuka kwa kishindo kidogo, kama mlango wa mabati kugongwa na upepo.
- Kukwepa njia fulani, watu fulani, hata nyama choma kwa sababu ya harufu.
- Hasira ya ghafla, ama kinyume chake: hafurahi, halii, hata mtoto akizaliwa.
- Kujilaumu: "Kwa nini mimi nilipona? Ningefika mapema angeishi."
- Pombe, miraa au bangi kila siku ili alale ama asahau.

Mtu huyu hakurogwa, wala si mwoga. Mwili wake ulijifunza kukaa macho ili usife, na haujaambiwa kwamba vita vimekwisha. Ni kama mbwa aliyezoea kufukuza fisi usiku kucha. Hata fisi wakihama, yeye bado anabweka.

5. Eliya chini ya mti

Mnamkumbuka nabii Eliya. Alikuwa ametoka kushinda vita vikubwa mlimani Karmeli, na damu ilimwagika huko. Watu wangedhani atarudi akiimba. Badala yake alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtoe roho.

Angalieni Mungu alifanya nini. Hakumkemea, wala hakumwambia asimulie. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula. Ndipo baadaye, baada ya safari ndefu, akaulizwa kwa sauti ya upole anafanya nini pale. Naye akalalamika kwamba amebaki peke yake. Mungu akamweleza kwamba hakubaki peke yake, akampa kazi ya kufanya, na akampa Elisha wa kutembea naye.

Usingizi, chakula, muda, sikio la upole, kazi, mwenzi. Hata wataalamu wa leo, wakiorodhesha mambo yanayomtegemeza mtu baada ya mkasa, hawako mbali na hayo.

6. Kikundi kinaweza kufanya nini?

Msiseme sisi si madaktari. Kule Zimbabwe, kuanzia mwaka wa 2006, Daktari Dixon Chibanda alifundisha akina nyanya wa mtaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo, kisha kuwasaidia kutafuta njia ya tatizo moja moja. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Nyanya tunao, na benchi linatengenezwa hapa hapa Doldol.

Basi tunapendekeza hivi:

Kwanza, chagueni wasikilizaji wawili katika kila kikundi, mwanamume na mwanamke, watu wanaojulikana kwa kufunga mdomo. Siri ikitoka mara moja, kazi imekwisha.

Pili, mpeni mtu kazi kabla ya kumpa maswali. Kuchimba, kujenga boma, kuweka mizinga, kusafirisha maji. Kazi ya mikono na watu wachache inatuliza. Lakini msimpe ulinzi wa usiku peke yake.

Tatu, fundisheni familia. Mama, usimwamshe mzee kwa kumshika ghafla. Simama mbali kidogo, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Akianza kutetemeka, mwambie avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi kwa mdomo, kisha akutajie vitu vitano anavyoviona hapo alipo. Hiyo inamrudisha nyumbani kutoka kule alikokwenda. Lakini tusiseme hata siku moja kwamba ugonjwa wa moyo unampa mtu ruhusa ya kupiga mke na watoto. Akipiga, usalama wa mama na watoto ndio wa kwanza, na chifu aitwe.

Nne, wale wanaoitikia nduru wasirudi nyumbani kila mtu kivyake. Wakimaliza kazi waketi pamoja, wanywe chai, wahesabiane: nani yuko, nani ameumia, nani hakuzungumza njiani. Asilazimishwe mtu kusema. Kesho yake mtu mmoja apite kwa kila mmoja. Na wazee, zile baraka zenu za maziwa mnazowapa vijana wakienda, wapeni hata wakirudi. Kijana anahitaji kuambiwa na wakubwa wake: umerudi, wewe ni wetu.

Tano, juu ya deni la yule mama wa shanga. Kikundi kina sheria zake na hatuji kuzivunja. Lakini ongezeni muda wa kulipa, mpunguzieni kiwango cha kila mwezi, na mkubaliane naye kwamba malipo ya shanga zake yawekwe katika akaunti yake mwenyewe. Mkimfukuza, mtakuwa mmefunga mlango wa mwisho uliobaki wazi katika nyumba ile. Kidole kimoja hakivunji chawa.

7. Mambo ya kutongoja

Kuna mambo ambayo kikundi hakiwezi, na kujua mpaka wako ni busara.

Mtu akisema heri afe, ama akianza kugawa mali yake na kuaga watu, msimcheke na msimwache peke yake. Muulizeni wazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo, kunampa nafasi ya kupumua. Kama ni askari wa akiba mwenye bunduki ya serikali, mkubwa wake aelezwe siku hiyo hiyo ili bunduki ihifadhiwe mpaka apate nafuu. Bunduki, pombe na usiku wa upweke visikae nyumba moja. Tunasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa tumekwisha kusimama kaburini tukijiuliza kwa nini hatukusema.

Mpelekeni hospitali ya Doldol, na kutoka huko anaweza kuelekezwa Nanyuki au Nyeri. Dawa zipo, na mazungumzo na mshauri yapo. Tunajua wengine wakisikia jina Mathari wanafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi, wanaogopa jina baya. Lakini Mathari ya Nyeri ni misheni, na kwenda kwa daktari wa akili si kufungiwa. Mtu hupata dawa na kurudi kwa mbuzi wake. Nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo. Na askari waliostaafu wana chama chao, DEFOCA. Asiyejiandikisha asaidiwe kujiandikisha.

Jambo la mwisho ni sheria. Zamani aliyejaribu kujiua alishtakiwa, kwa hiyo familia zilimficha. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo msimfiche mgonjwa ndani kwa kuogopa polisi. Mpelekeni atibiwe.

Wapendwa, nduru ikilia usiku, hawa ndugu zetu hawakuuliza ni ng'ombe wa nani wala ni mtoto wa nani. Walikwenda. Sasa wao wenyewe wanapiga nduru, ila haina sauti. Inatoka kama ulevi, kama hasira, kama mtu anayekaa nje peke yake saa tisa za usiku. Tuitikieni.



Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani waliowahi kuitikia nduru, na nani aliwahi kuwauliza habari zao baadaye?
2. Ni mambo gani tunayosema au kufanya yanayowafanya wanyamaze?
3. Wasikilizaji wetu wawili watakuwa nani, na tutalindaje siri?
4. Ni kazi gani moja tunayoweza kumwalika mtu wa namna hii kabla ya mwezi huu kwisha? Nani atampitia asubuhi?